Leon Leonwood Bean: Mwindaji aliyerudishiwa jozi 90 za mabuti akazilipia zote

JOZI za mabuti zilirejea Freeport moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimeondoka katika mji huo mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, zikiwa mpya na zikisindikizwa na ahadi. Sasa zilirudi zikiwa zimefumuka pale ngozi ya sehemu ya juu iliposhonewa mpira wa sehemu ya chini.

Kati ya jozi 100 za kwanza zilizouzwa mnamo 1912, jozi 90 zilirudishwa na wateja.

Aliyezipokea alikuwa Leon Leonwood Bean, muuzaji wa nguo na mwindaji aliyekuwa na umri wa karibu miaka 40. Ahadi aliyowaandikia wateja wake ilikuwa wazi: yeyote ambaye hangeridhika angerejeshewa pesa zake zote. Kwa mtu aliyekuwa ndipo tu anaanza biashara, mzigo huo ulitosha kumwangusha kabla hajasimama.

Visingizio havikukosekana. Angeweza kudai kwamba wawindaji hao waliyatumia mabuti vibaya, au kwamba kiatu hakitengenezwi ili kidumu milele. Angeweza hata kunyamaza tu, kwa kuwa wengi wa wateja hao waliishi mbali na Maine na hawakuwa na njia rahisi ya kumfuata.

Bean alilipa. Alimrejeshea kila mmoja pesa zake, kisha akakopa nyingine ili aanze upya. Uamuzi huo ndio uliomfanya akumbukwe, zaidi ya karne moja baadaye, kuwa miongoni mwa watu waliobadilisha namna viatu vya ngozi na vifaa vya porini vinavyopimwa uimara wake.

Yatima wa milimani

Bean alizaliwa mwaka wa 1872 katika eneo la Greenwood, jimboni Maine, katika familia ya wakulima iliyojaliwa watoto sita. Hiyo ni sehemu ya milima, mito na misitu minene, ambako majira ya baridi huwa marefu na theluji huweza kufunika ardhi kwa miezi kadhaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, mauti yaliibisha hodi mara mbili katika boma lao. Baba na mama yake waliaga dunia siku nne tu zikiachana. Yeye na ndugu zake walibaki mikononi mwa jamaa.

Msiba huo ulimlazimu kujifunza mapema kujitafutia. Angali mvulana, aliuza mitego ya chuma, akafanya kazi za mashambani na akawinda. Inasimuliwa kuwa alimuua kulungu wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka 13 na papo hapo akampatia mnunuzi. Mapenzi yake mawili ya maisha, yaani uwindaji na biashara, yalikuwa yamekwisha kukutana.

Mnamo 1898 alimwoa Bertha Porter, binti wa Freeport. Ndugu zake walikuwa wafanyabiashara, naye akajiunga nao katika kazi ya kuuza viatu na nguo. Hatimaye alihamia Freeport, ambako alihudumu dukani pamoja na kaka yake, Ervin. Hakuwa mhandisi, hakuwa mshonaji viatu kwa ufundi, wala hakuwa tajiri wa kujivunia. Alikuwa tu mtu aliyependa kwenda porini kila alipopata nafasi.

Miguu iliyolowa

Simulizi ya kiatu chake ilianza mnamo 1911, baada ya safari moja ya uwindaji. Bean alirejea nyumbani miguu ikiwa imelowa chepechepe na kuuma kwa baridi. Halikuwa jambo geni. Wawindaji wa Maine walikuwa wamezoea taabu hiyo kiasi cha kuiona kuwa sehemu ya uwindaji wenyewe.

Wakati huo mwindaji alikuwa na njia mbili, na kila moja ilikuwa na dosari yake.

Njia ya kwanza ilikuwa buti la ngozi tupu. Likiwa kavu, buti hilo huushika mguu vizuri, hukaza kifundo na huruhusu jasho kutoka. Lakini ngozi hunywa maji. Mtu akitembea kutwa katika theluji inayoyeyuka au kwenye vinamasi, buti huwa zito na baridi. Akilianika karibu na moto usiku ili likauke haraka, mafuta yaliyomo ndani ya ngozi hupotea, ngozi hukakamaa na baadaye hupasuka mahali inapokunjika.

Njia ya pili ilikuwa buti la mpira mtupu, mfano wa gambuti za wakulima. Hilo huzuia maji kabisa, lakini huzuia pia jasho lisitoke. Isitoshe, sehemu yake ya juu hulegea, ikawa kifundo hakina kitu cha kukishikilia mtu anapopanda vilima au kuruka magogo.

Bean aliwaza jambo ambalo kwa leo huonekana rahisi. Mguu wa mwindaji hugusa maji upande wa chini, hivyo huko pawe mpira. Upande wa juu huhitaji wepesi na kubanwa vyema, hivyo huko pawe ngozi. Alichukua sehemu za chini za viatu vya mpira vya wafanyakazi, akamwendea fundi wa viatu mjini humo na kumtaka azishonee ngozi laini upande wa juu.

Alipolijaribu buti hilo mwenyewe msituni, liliufaa mguu wake. Akaliita Maine Hunting Shoe, yaani kiatu cha uwindaji cha Maine.

Barua kwa wageni

Bean hakuwa na pesa za kutangaza bidhaa yake kote nchini. Alichokuwa nacho ni werevu. Jimbo la Maine lilikuwa likiwauzia leseni wawindaji waliotoka nje ya jimbo hilo, na majina yao yaliwekwa katika orodha. Aliipata orodha hiyo, akachapisha waraka wa kurasa 3, akautuma kwa watu hao.

Aliowaandikia hawakuwa watu wa kubahatisha. Kila mmoja alikuwa amelipa pesa ili aje kuwinda Maine, na hivyo alizijua fika theluji na tope za huko. Bean aliwaeleza kwamba mwindaji hawezi kufanikiwa iwapo miguu yake haina starehe, akawaomba dola 3.50 kwa kila jozi, na juu ya hayo akaweka hakikisho la kuwaridhisha kwa kila hali.

Maagizo yalikuja. Mabuti yakashonwa, yakafungwa, yakatumwa. Kisha yakarudi.

Kosa lililofichika

Ni vyema kuelewa kilichotokea, maana humo ndimo funzo lilimo.

Ngozi aliyoitumia Bean haikuwa mbovu. Umbo la buti nalo lilikuwa sahihi, kama miaka iliyofuata ilivyothibitisha. Tatizo lilikuwa kwenye mstari mmoja mwembamba, pale ngozi na mpira vilipokutana.

Kila sindano inapopita huacha tundu, na kila tundu ni mahali palipopungua nguvu. Mtu anapotembea, buti hukunjwa maelfu ya mara kwa siku. Ngozi huvuta upande wake na mpira huvuta upande wake, na uzi ulio katikati ndio unaobeba vuta nikuvute hiyo. Mpira wa viatu vile vya wafanyakazi ulikuwa mwepesi mno. Haukuundwa kustahimili mshono, sembuse mshono unaovutwa na ngozi. Uzi ulipokaza, mpira ulitatuka, na sehemu mbili za buti zikaachana.

Hakuna jicho ambalo lingeliona jambo hilo dukani. Jozi zote 100 zilikuwa nadhifu zilipoondoka Freeport. Mnunuzi angezigeuzageuza, angebonyeza ngozi na kuvuta mishono, na bado asingeng'amua kuwa kati ya jozi 10, ni 1 tu ambayo haingerudishwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na uzuri wa siku ya kwanza ni shahidi asiyeaminika.

Hata Bean mwenyewe alidanganyika. Buti lake la kwanza lilimfaa, naye akachukulia kwamba lililomfaa yeye lingewafaa wengine 100. Hakutambua kuwa jozi moja iliyovaliwa na mtu mmoja kwa muda mfupi haitoshi kuthibitisha uimara. Yalihitajika miguu mingi, uzito tofauti, mwendo tofauti na siku nyingi ndipo udhaifu ule ujitokeze.

Baada ya kuwalipa wateja, alisafiri hadi Boston kukutana na kampuni ya United States Rubber. Huko alieleza alichohitaji: sehemu ya chini ya mpira iliyo nyepesi, lakini yenye nguvu za kuushikilia mshono wa ngozi bila kutatuka. Kampuni hiyo ilikubali kumtengenezea.

Mabuti yaliyofuata yalishonwa juu ya mpira huo mpya. Safari hii yalidumu. Bean aliendelea kutuma nyaraka zake, na wateja wakaendelea kuagiza. Jina lililokaribia kuzikwa mwaka wake wa kwanza likaanza kutajwa kwa heshima katika kambi za wawindaji.

Ahadi kama mizani

Wako watakaosema kuwa hakikisho lile lilikuwa mbinu tu ya kuvutia wanunuzi. Kwa kiasi fulani hawakosei. Bean alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba mteja anayenunua kitu bila kukiona huhitaji kutulizwa moyo.

Hata hivyo, hakikisho hilo lilifanya kazi nyingine ambayo wateja hawakuiona. Mfanyabiashara wa kawaida humaliza hesabu zake pesa zinapoingia mkononi. Kiatu kikichanika mwezi unaofuata, hasara ni ya mvaaji. Bean aliigeuza hali hiyo. Kiatu kikichanika, hasara ilimrudia yeye aliyekiuza. Kwa sababu hiyo, hakuna aliyekuwa na haja kubwa ya kuujua udhaifu wa bidhaa zake kumliko yeye mwenyewe.

Kila kifurushi kilichorudi kilikuwa ushahidi. Kilionyesha mahali uzi ulipokatika, mahali ngozi ilipopasuka, mahali soli ilipolika kabla ya wakati wake. Fundi asiyerudishiwa kazi yake huenda akadhani ni bingwa, kumbe wateja wamenyamaza tu na kuhamia kwingine.

Mnamo 1916 Bean alibandika dukani mwake tangazo lililoeleza msimamo huo. Aliwajulisha wateja kuwa kwake yeye mauzo hayakuwa yamekamilika hadi bidhaa ichakae kabisa na mteja angali ameridhika. Kwa maneno mengine, siku ya kununua ilikuwa mwanzo wa mtihani. Hukumu ingetolewa mwishoni, na ingetolewa na aliyekivaa kiatu.

Kipimo cha porini

Bean hakuridhika kukaa nyuma ya kaunta. Aliwinda na kuvua samaki hadi uzeeni, na mengi ya yale aliyoyauza aliyatumia kwanza yeye mwenyewe. Katalogi zake aliziandika kwa lugha nyepesi ya mtu anayezungumza na mwenzake kambini, akieleza kitu kina kazi gani na kwa nini yeye amekichagua.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki. Kifaa cha porini hakiwezi kuhukumiwa mbali na kazi yake. Buti linalodumu miaka mingi kwenye sakafu kavu ya ofisi laweza kufa katika msimu mmoja wa kinamasi. Mkoba unaobeba karatasi bila tatizo waweza kukatika mshikio siku ya kwanza unapobebeshwa kuni. Uimara huambatana na maji, uzito, jua, baridi na mikono ya mtumiaji.

Fauka ya hayo, Bean alikubali ukweli ambao watengenezaji wengi huukwepa, kwamba sehemu za kitu kimoja hazichakai kwa kasi sawa. Katika buti lake, mpira wa chini ndio uliokuwa ukisagika kwa mawe na magogo, ilhali ngozi ya juu, ikipakwa mafuta na kutunzwa, iliweza kuishi muda mrefu zaidi. Hivyo basi, wateja waliruhusiwa kuyarudisha mabuti yaliyochakaa ili yaondolewe mpira wa zamani na kushonewa mpya kwenye ngozi ileile.

Hilo lilibadilisha maana ya kudumu. Buti la Bean halikudumu kwa sababu halikuharibika. Lilidumu kwa sababu lilipoharibika liliweza kutengenezwa, na kwa sababu sehemu iliyokuwa ya kuchakaa ilijulikana tangu mwanzo. Mwindaji aliweza kubaki na ngozi iliyokwisha kuuzoea mguu wake, akabadilisha tu kilicholika.

Posta na duka lisilo na kufuli

Bahati nayo ilimpa mkono. Tarehe 1 Januari 1913, serikali ya Marekani ilizindua huduma ya kusafirisha vifurushi kwa posta. Ghafla ikawa rahisi kwa mtu aliye mji mdogo kumfikia mteja aliye pembe nyingine ya nchi. Ndugu yake Bean, Guy, alikuwa mkuu wa posta ya Freeport, na baadaye karakana ya mabuti ilikaa ghorofani, juu ya posta yenyewe. Vifurushi havikuwa na safari ndefu ya kufika vilikotakiwa kupigwa mihuri.

Kutoka kwenye mabuti aliendelea hadi soksi, makoti, mahema, vifaa vya uvuvi na mizigo mingine ya safari. Kufikia mwaka wa 1937, mauzo ya kila mwaka yalikuwa yamepita dola milioni 1. Hayo yalifanyika katika kipindi ambacho uchumi wa Marekani ulikuwa umeyumba vibaya, na wengi walilazimika kufikiria mara mbili kabla ya kutoa senti. Mtu mwenye pesa kidogo ana sababu zaidi ya kununua kitu kitakachodumu.

Duka la Freeport nalo likawa kituo cha wasafiri. Wawindaji na wavuvi waliokuwa njiani kwenda kaskazini walipita saa zote za usiku, wakibisha ili wauziwe chambo, leseni au soksi kavu. Mnamo 1951 Bean alikata shauri kulifungua duka saa 24 kila siku, mwaka mzima, na kufuli zikaondolewa mlangoni.

Vita na theluji

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jeshi lilikabiliwa na swali ambalo Bean alikuwa amelishughulikia kwa miaka 30. Askari anayepelekwa kwenye baridi na majimaji avalishwe nini miguuni? Mguu uliolowa na kuganda kwa baridi huweza kumtoa askari vitani sawasawa na risasi.

Mnamo 1942 Bean aliitwa Washington kutoa ushauri kuhusu mavazi na mabuti ya maeneo ya baridi, na kampuni yake ikatengeneza mabuti kwa matumizi ya jeshi. Mvulana aliyeuza mitego sasa aliketi na maafisa wa kijeshi wakijadili ngozi, mpira na mishono.

Katika mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu uwindaji, uvuvi na kupiga kambi. Kilikuwa kitabu kifupi cha maelekezo ya moja kwa moja, kilichoandikwa na mtu aliyeamini kwamba maarifa ya porini hayana haja ya maneno mengi.

Mkoba wa barafu

Mfano mwingine wa fikra zake ulitokea mnamo 1944. Wakati huo familia nyingi bado zilihifadhi chakula katika masanduku ya barafu. Barafu ilinunuliwa kwa mabonge, na kulibeba bonge hilo kutoka kwenye gari hadi jikoni kulikuwa kazi ya kuchosha na kulowesha.

Kampuni ya Bean ilitoa mkoba wa turubai nzito, wenye mishikio imara, kwa kazi hiyo moja tu ya kubeba barafu. Haukuwa na madoido. Turubai ilichaguliwa kwa kuwa ilibidi ihimili uzito, maji na ncha kali kwa pamoja.

Punde si punde, majokofu ya umeme yaliyafuta masanduku ya barafu katika nyumba nyingi. Kazi iliyouzaa mkoba huo ikafa, lakini mkoba haukufa. Ulirejeshwa sokoni katika miaka ya 1960 ukiwa na mapambo ya rangi, na watu wakaupakia vitabu, mboga, nguo za kuogelea na kuni. Kitu kilichotengenezwa kustahimili kazi ngumu kilijikuta kikizimudu kazi nyepesi kwa miaka mingi.

Machweo

Bertha aliaga dunia mnamo 1939, na mwaka uliofuata Bean akaoa tena. Uzee ulipomfikia, kasi ya biashara yake ilipungua. Mjukuu wake, Leon Gorman, aliyejiunga na kampuni mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa na mawazo mengi ya kuipanua. Mzee hakuwa na pupa hiyo. Alimweleza kila aliyemhimiza kwamba tayari alikuwa akila milo mitatu kwa siku, na hakuwa na tumbo la kula wa nne.

Yapo mawili ya kusema juu ya msimamo huo. Kuridhika kwake kulimkinga dhidi ya tamaa ya kuuza chochote ili mradi kinaleta pesa. Kwa upande mwingine, biashara isiyokua huchoka, na ilimbidi mjukuu asubiri zamu yake.

Leon Leonwood Bean alifariki dunia mnamo Februari 5, 1967, huko Pompano Beach katika jimbo la Florida, akiwa na umri wa miaka 94. Duka lililokuwa halina kufuli lilifungwa kwa muda kwa heshima yake. Gorman alichukua usukani mwaka huohuo na kuiongoza kampuni hadi 2001, akaikuza hadi mauzo yakapita dola bilioni 1 kwa mwaka. Naye aliaga dunia mnamo 2015.

Ahadi ilipofikia kikomo

Jambo moja la mwanzilishi halikuguswa kwa miongo mingi. Mteja asiyeridhika aliweza kurudisha bidhaa wakati wowote, hata baada ya miaka mingi.

Ahadi ni deni, na deni hili lilizidi kuwa zito. Baadhi ya watu walianza kurudisha vitu vilivyochakaa kwa matumizi ya kawaida ya miaka mingi, wakidai vipya. Wengine walirudisha bidhaa ambazo hawakuzinunua wao, bali walizipata kwenye mauzo ya vitu vikuukuu. Kampuni ilieleza kuwa katika kipindi cha miaka 5, bidhaa zilizorudishwa zikiwa hazifai tena ziliigharimu takriban dola milioni 250.

Mnamo Februari 2018 iliweka kikomo. Tangu hapo, mteja anayetaka kurudisha kitu anapewa mwaka mmoja pamoja na uthibitisho wa ununuzi, na baada ya muda huo kampuni huangalia iwapo kasoro inatokana na utengenezaji wenyewe.

Wapo waliolalamika kwamba neno la mzee lilikuwa limevunjwa, hata baadhi wakaenda mahakamani. Wapo pia walioona kuwa waliolivunja ni wale waliolitumia vibaya. Ukweli ni kwamba ahadi ya Bean ilikuwa na pande mbili tangu siku yake ya kwanza. Muuzaji aliapa kutoficha udhaifu wa bidhaa, na mteja akatarajiwa kutosema uongo juu yake. Wawindaji 90 wa mwaka wa 1912 walirudisha mabuti yaliyokuwa mabovu kweli, na kwa kufanya hivyo walimsaidia Bean kutengeneza mazuri. Anayerudisha kiatu kilichomtumikia kwa haki miaka 20 hamfundishi fundi lolote.

Bean hakuahidi kwamba kiatu hakitachakaa. Alijua kila ngozi ina siku yake na kila uzi una mwisho wake. Alichotaka ni kwamba siku hiyo itakapofika, mvaaji akitazame kiatu chake na kuona kuwa hakudhulumiwa.

Mabuti yenye mpira chini na ngozi juu yangali yanashonwa Maine. Na mabuti yangali yanarudi huko kwa posta, ngozi ikiwa imekunjamana kwa umbo la mguu wa mwenyewe na mpira ukiwa umelika. Tofauti na yale ya mwaka wa 1912, haya wenyewe hawadai pesa zao. Wanaomba yashonewe mpira mpya, kisha warudishiwe.